Picha Iliyokauka Jumanne

Makena,

Wewe na mama yako mmetoka sasa hivi kwenda kanisani, na baadaye mtapitia kwa shangazi yako kumuaga. Nimebaki peke yangu hapa studio, kwenye meza ya kukatia picha, na nina saa tatu hivi kabla hamjarudi. Gari lako la Nairobi ni kesho saa kumi na mbili asubuhi na ndege ni kesho usiku. Kama sitaandika sasa sitaandika tena, najijua.

Mambo ya sweta, pasipoti na kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua sitayagusa. Mama yako ameshayasema mara nne, na njiani kutoka kwa shangazi ataongeza ya tano. Mimi langu ni moja, na ningekuwa mwanaume wa kusema ningekuambia nikikutazama machoni.

Ile picha ilikauka Jumanne.

Najua utasoma sentensi hiyo mara mbili. Wiki nzima nimekuambia bado, na wiki nzima umenisubiri. Ulipopata kazi ya uuguzi huko Uingereza na watu wakaanza kukuuliza unataka zawadi gani, kwangu uliomba kitu kimoja tu: ile picha yetu watatu, niliyoipiga kwa kuiwekea kamera saa ijipige yenyewe ukiwa na miaka minne, wewe umesimama juu ya stuli, mkono mmoja umeshika sketi ya mama yako na mwingine uko mdomoni. Ukasema hutaki ya simu. Ukataka niisafishe mwenyewe kwenye chumba cha giza, kwenye karatasi ya zamani. Na ukaongeza, ukicheka, kwamba huondoki Isiolo bila hiyo picha. Hukujua ulikuwa umenipa nini mkononi.

Nilikuwa nimebakisha karatasi moja tu ya zile za zamani. Hii ya kisasa yenye plastiki inakauka ukikohoa. Ile ya zamani ni karatasi ya nyuzi kweli, inakunywa maji na dawa mpaka ndani, na kuitoa maji ni kazi ya subira. Unaisuuza saa nzima. Unaikamua kwa mpira wa waipa. Unailaza kwenye neti safi, na hapo ndipo upepo wetu huu unapoingilia. Upepo wa Isiolo unakausha kingo kwanza, upande wenye sura unajivuta kuliko mgongo, na kabla hujamaliza chai picha imejikunja kama chapati iliyosahaulika juani. Ukiilazimisha kunyooka wakati huo inapasuka, na mpasuko haujali umepita kwenye uso wa nani. Kwa hiyo unafunga dirisha, unatundika taulo lenye maji chumbani ili hewa isiwe kavu, na unangoja. Kila baada ya muda unagusisha mgongo wa picha shavuni. Ikiwa baridi, bado ina maji katikati hata kama vidole vinakudanganya. Ikiacha ubaridi, unailaza katikati ya vitambaa vya pamba, juu yake kioo, juu ya kioo ile betri ya gari iliyokufa, usiku na mchana.

Nilifanya hivyo vyote bila kukosea. Niliisafisha Jumapili iliyopita, na Jumanne jioni nikatoa betri, nikainua kioo. Makena, ilikuwa imelala kama meza. Katika miaka yote ya kazi hii sijawahi kukausha picha ikanyooka vile. Nikawa nimeishika, nataka kukuita, ndipo nikakusikia uani ukiongea kwenye simu na rafiki yako wa Nairobi. Ukasema, "Kesho saa nane nitakuwa kwako, weka chai." Ulikuwa unacheka.

Nikamimina maji kwenye beseni nikaitumbukiza picha ndani.

Sikufikiri. Au nilifikiri na sitaki kukumbuka. Karatasi hii ukiirudisha majini inalainika na unaanza upya, na hiyo ndiyo dawa ya picha iliyojikunja. Yangu haikuwa imejikunja. Ulipoingia uliniuliza, "Baba, imekauka?" Nikakuambia, "Bado, mama. Katikati bado kuna maji." Ukasema, "Si ulisema ni leo?" Nikasema, "Karatasi hii haiharakishwi." Ukakubali. Ukampigia rafiki yako ukamwambia utachelewa siku moja, kwa sababu baba yako anafanya kazi yake kwa makini.

Alhamisi ilikuwa imekauka tena. Nikailowesha tena. Ijumaa ulikuwa na kile kikao cha wanaosafiri huko Nairobi, na nilikuwa kwenye chumba cha giza nikikusikia ukiomba msamaha kwa simu kwa sauti ile unayotumia na wakubwa, ukisema ni jambo la kifamilia. Walikukubalia kupokea maelezo kesho Jumatatu mchana, kabla ya ndege. Ningekuwa na haya ningetoka pale. Jana alasiri, mara ya tatu. Nilijua ndege ni Jumatatu, na nilijua ukikosa ndege pengine nafasi yenyewe itapewa mtu mwingine. Nilijua yote hayo nikiwa nimeshika birika la maji. Nataka ujue hivyo, usije ukanitetea ukisema mzee hakuelewa.

Uongo huu sikuuanza kwako. Nilijifunza nikiwa kijana, nikiwa nimefungua studio juzi tu hapa Bulla Pesa. Alikuja bwana mmoja wa Kiborana kutoka Biliqo, Guyo, ameoa, akaniletea bibi arusi na wazee nikawapiga picha kumi na mbili. Wakati huo kila mtu mtaani alinyoosha suruali yake chini ya godoro, na mimi nikaona picha ni suruali tu. Nikazipanga zote chini ya godoro langu, moja juu ya nyingine, bila kuuliza shavu. Nikazilalia siku mbili. Siku ya tatu nikainua godoro nikakuta kipande kimoja kama mkate. Nilipojaribu kuzibandua, uso wa bibi arusi ukabaki mgongoni mwa mjomba.

Guyo akaja kuzichukua. "Salaam aleikum. Picha iko tayari?"

"Aleikum salaam. Bado, hazijakauka."

Alitoka nje, akaangalia jua, akarudi. "Hii jua ya Isiolo? Hii jua hata ngamia inakausha ikitembea."

"Picha si ngamia," nikasema. "Ndani bado kuna maji."

Akafikiri. "Haya. Kitu ya maji mtu hawezi kuharakisha. Nitarudi."

Alirudi mara tatu kutoka Biliqo, na unajua huko ni mbali kiasi gani. Nilikuwa nasafisha upya kutoka kwenye negativu, pole pole, kwa aibu. Mara ya nne nikampa zote, na yule mtu akanishukuru kwa uvumilivu wangu. Uvumilivu wangu mimi. Nikajifunza siku hiyo kwamba hakuna anayebishana na kitu kinachokauka. Ukisema mashine imeharibika watakuuliza fundi yuko wapi. Ukisema haijakauka wanakuonea huruma. Miaka mingi niliutumia uongo huo kwa wateja nikiwa nimelewa usingizi au nimekwenda kutazama mpira, na ukawa mzaha wangu mwenyewe.

Halafu nikautumia nyumbani.

Umeshawahi kumuuliza mama yako kwa nini hakusomea uuguzi, na yeye amekujibu kila mara kwamba hakuwa na bahati. Nimekuwepo akikujibu. Nimekuwa nikitazama sahani. Ulikuwa na miaka mitano alipopata nafasi ya chuo. Mwaka huo ndio uliokuwa wa mwisho kwa umri wake kukubaliwa. Fomu zilitaka picha nne ndogo, na zilitakiwa zifike Ijumaa. Studio nyingine wakati huo zilikuwa zinapiga za rangi na kupeleka filamu kwa mashine kubwa nje ya mji, mimi bado nilikuwa najisafishia nyeusi na nyeupe humu humu.

Nilimpiga picha Jumatatu. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe aliyoazima. Jumanne zilikuwa zimekauka na kunyooka, nikazitia kwenye droo, chini ya kitabu cha risiti. Jumatano nikamwambia bado. Alhamisi nikamwambia bado. Jirani akamshauri aende studio nyingine yenye kamera ya papo hapo, dakika kumi tu amemaliza, na nikamsikia akijibu, "Nitaendaje kwa studio ya watu na bwana yangu ni mpiga picha? Watasema nini?" Alikataa ili kunilindia jina. Ijumaa ikapita.

Utauliza kwa nini. Nimejiuliza pia. Chuo kilikuwa mbali na kilikuwa cha miaka mitatu. Niliwaza mwanamke aliyevaa sare nyeupe na kujua majina ya dawa hawezi kurudi kwa mwanaume mwenye kucha za kahawia kwa dawa za picha, wa chumba kimoja cha kupanga. Niliogopa kuachwa, basi. Sikuwa na chuki naye hata kidogo, nilimpenda mpaka nikashindwa kumeza chakula wiki ile, na huku nampenda nilikuwa nimekalia droo.

Jumamosi alikuja kutafuta mkasi. Akafungua droo. Nilikuwa nakunja kitambaa cha nyuma, nikasikia droo ikinyamaza. Alizitoa zote nne akazipanga mezani, hapa ninapoandikia, akasema, "Zimekauka." Akachukua mkasi akaenda kupika. Nilingoja ugomvi jioni hiyo. Nikaungoja wiki ile, mwaka ule. Mpaka leo haujaja, na nakuambia ningeulipia uje.

Umeona jinsi majirani wanavyomletea watoto walioungua uji. Umeona anavyonawa mpaka kwenye viwiko kabla ya kumgusa mtoto. Siku moja ulipokuwa chuoni mwaka wa pili ulimcheka, ukasema, "Mama, kwani uko theatre ya upasuaji?" Akacheka naye. Akakuuliza tena ile habari ya dripu, matone mangapi kwa dakika, na ukamweleza kama mtu anavyomweleza mama yake, haraka haraka, unachati. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo.

Leo asubuhi, ukiwa bado unaoga, aliingia chumba cha giza. Huwa haingii. Picha ilikuwa kwenye neti tangu jana. Akaiinua kwa ncha za vidole, vizuri kabisa, akagusisha mgongo wake shavuni. Sijui alijifunza lini.

"Baba Makena."

"Eeh."

"Hii ilikuwa imekauka Jumanne. Niliiona."

Nikaanza kufunga kizibo cha chupa ya dawa.

"Na Alhamisi tena."

"Nisamehe," nikasema.

"Sijaomba hiyo." Akairudisha kwenye neti. "Yangu nilinyamaza. Ya huyu sinyamazi. Utamwambia wewe ama nitamwambia mimi, lakini leo jioni awe anajua. Yote. Hata ile yangu."

Nikamuuliza swali ambalo nimelibeba miaka yote hii. "Kwa nini hukuwahi kuniuliza?"

"Ningekuuliza nini? Jibu nilikuwa nalo." Akasimama kidogo mlangoni. "Na Makena alikuwa mdogo. Mtu anaenda wapi na mtoto mdogo na hasira." Ukatoka bafuni ukamwita, mkaanza kutafuta kitambaa chake cha kichwa, na akakujibu kwa sauti ya kawaida kabisa.

Ndiyo sababu ya barua hii. Nisikudanganye kwamba ni dhamiri yangu iliyoniamsha. Ni mama yako.

Sasa nisikilize hali ilivyo. Tangu mmetoka najaribu kuikausha. Kwa mara ya kwanza wiki hii nataka ikauke, na haikauki. Kuilowesha mara tatu kumeichosha. Pembe moja, ile yenye mlima wa kuchorwa nyuma yetu, utando unaobeba sura umevimba na ukiugusa unateleza. Kingo zimeanza kujikunja na katikati ni baridi bado. Nimewasha feni nikaizima. Nimeshika pasi nikairudisha, kwa sababu pasi ingeyeyusha utando ukabaki kwenye chuma, na nimeshaharibu vya kutosha. Nikiweka betri sasa itashikana na kitambaa. Karatasi nyingine sina, sanduku limeisha, na kwa hapa mjini sijui mtu mwenye nyingine. Nimekaa nayo, naiangalia. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na kitu, na siwezi kufanya lolote ila kufungua dirisha na kulifunga.

Kwa hiyo ondoka bila hiyo picha. Nakuomba. Kesho asubuhi ukiniuliza imekauka na nikakuambia saa moja tu, pandisha begi ndani ya gari.

Ningependa nikupe mawaidha, baba wengine wanayo. Mtu aliyefanya haya anashauri nini? Ninalojua ni dogo na limenigharimu watu wawili. Hofu ya kuachwa, ukiwa ndani yake, inafanana sana na upendo. Inaamka mapema, inapika chai, inakausha picha kwa uangalifu. Mimi nilishindwa kuzitofautisha nikiwa kijana na nimeshindwa tena wiki hii nikiwa na mvi, kwa hiyo sidhani kwamba umri unasaidia. Kama huko unakoenda utapata mtu, na atakuwa mwema kwako, na siku moja akakuambia subiri kidogo, muulize tunasubiri nini. Muulize hata kama ni jambo la karatasi. Muulize hata kama unaona haya kuuliza. Mama yako aliona haya, na wewe ulinionea huruma, na mimi niliyajua yote mawili.

Usimwonee mama yako huruma leo jioni ukirudi. Hapendi. Lakini kama kuna muda, mweleze ile ya dripu tena, pole pole, uketi chini umweleze kama unamweleza mwenzako wa kazi.

Kwangu, fanya utakavyoona. Ukinyamaza kesho njia nzima nitaelewa. Nitabeba begi kubwa mpaka steji, hilo niruhusu, halafu nitasimama upande ule mwingine wa barabara mpaka gari liondoke. Nimejaribu kuwaza nitakavyorudi hapa baadaye na kufungua mlango, na sijaweza kuwaza zaidi ya mlango.

Ikikauka nitaituma. Ikiwa mwezi umepita na bado nakuambia haijakauka, usinipigie mimi, mpigie mama yako aingie aiguse.

Na kuna jambo la mwisho, ambalo ni gumu kuliko yote niliyoandika, kwa sababu hili bado sijalifanya. Najijua. Kutakuwa na siku, labda baada ya miezi mitatu, labda mwaka, nitakupigia simu jioni na sauti itakuwa chini. Nitakuambia kifua kinaniuma, au miguu imevimba, au siku hizi silali. Sitasema rudi. Nitasema usijali, endelea na kazi, nami nitajua ninachofanya. Usiombe ruhusa kazini siku hiyo. Usikate tiketi. Muulize mama yako kwanza kama naumwa, na akisema siumwi, mwamini yeye.

Yeye ndiye muuguzi wa nyumba hii, na mimi ndiye niliyemnyima sare.

Baba yako